Choo cha Mashua na Shamba la Baharini

Mkulima wa bara akiona habari za choo cha mashua katika gazeti hili, huenda akafunua ukurasa mwingine kutafuta bei ya mahindi. Tafadhali angoje kidogo. Siku hizi wako wakulima wengi ambao shamba lao halilimwi kwa jembe. Kibuyuni, katika Kaunti ya Kwale, akina mama hupanda mwani kwa kufunga vipande vya mbegu kwenye kamba zilizotandazwa baharini. Katika hori ya Mida, karibu na Watamu, watu hunenepesha kaa na kukuza chaza kando ya mikoko. Hao ni wakulima kamili. Wana mbegu, wana palizi, wana mavuno, tena wana mnunuzi anayekagua mali kabla ya kutoa fedha. Tofauti yao na mkulima wa bara ni moja kubwa: shamba lao haliwezi kuzungushiwa ua. Maji yapitayo juu ya mazao yao asubuhi huenda ndiyo yaliyopita chini ya mashua ya mtu mwingine usiku.

Kwa sababu hiyo, sheria ya Serikali juu ya vyoo vya vyombo vya majini ni sheria ya kilimo pia. Watu hutuuliza ofisini: Je, sheria hiyo ni ya meli kubwa za nje tu? Mashua yangu ya kuwapeleka watalii kwenye matumbawe yahusika? Na mvuvi aliye peke yake katika dau lake afanye nini? Mimi nilifunzwa ualimu kabla ya kupewa meza katika ofisi ya kilimo, basi nitajibu hatua kwa hatua kama darasani, na penye hesabu tutafanya hesabu.

MAJI TAKA NI NINI KATIKA SHERIA

Sheria kubwa ya mataifa juu ya uchafu wa meli ni mkataba uitwao MARPOL, uliotungwa mwaka 1973 na kuongezwa mwaka 1978. Kenya ni mojawapo ya nchi zilizoukubali. Mkataba huo una nyongeza 6, na Nyongeza ya 4 ndiyo inayohusu maji taka. Nyongeza hiyo ilianza kutumika tarehe 27 Septemba 2003.

Kwa maana ya mkataba huo, maji taka ni mambo 4. La kwanza, yote yatokayo chooni. La pili, maji ya mabeseni na bafu za chumba cha wagonjwa. La tatu, maji yatokayo mahali walipowekwa wanyama hai. La nne, maji mengine yoyote yakiisha kuchanganyika na hayo matatu.

Mfugaji aliangalie vizuri hilo la tatu. Meli ichukuayo mbuzi, kondoo au ng'ombe kwenda kuuzwa ng'ambo, mavi na mkojo wa wanyama hao huhesabiwa sawasawa na choo cha mabaharia. Lakini maji ya kuoga na ya kuosha vyombo hayamo katika hesabu hii, maadamu hayakuchanganyika na ya chooni.

MAILI 3 NA MAILI 12

Nyongeza ya 4 yahusu meli zinazosafiri kutoka nchi moja hadi nyingine, zenye ukubwa wa tani 400 au zaidi kwa kipimo cha meli, au zenye cheti cha kuchukua watu zaidi ya 15. Meli hizo hazikukatazwa kabisa. Zimepewa njia 3, na kila njia ina sharti lake:

1. Meli ikiwa na mtambo wa kusafisha maji taka uliopimwa na kukubaliwa, yaweza kuyatoa maji yaliyosafishwa. Lakini maji hayo yasilete vitu vinavyoelea wala kubadili rangi ya bahari.

2. Meli ikiwa na chombo kilichokubaliwa cha kusaga uchafu na kuutia dawa ya kuua vijidudu, yaweza kuutoa ikiwa mbali na nchi kavu kwa zaidi ya maili 3 za bahari.

3. Meli yenye tanki la kuhifadhia tu, uchafu ukiwa haukusagwa wala kutiwa dawa, yapaswa kuwa mbali kwa zaidi ya maili 12. Tena iwe safarini, kwa mwendo usiopungua maili 4 kwa saa, na itoe uchafu huo kidogo kidogo, wala si wote kwa mara moja.

Isipotaka njia hizo, meli na ingoje mpaka bandarini, uchafu ukatolewe kwa bomba na kupelekwa nchi kavu. Ruhusa ya pekee ni wakati wa hatari, yaani pale inapokuwa lazima kuokoa chombo au maisha ya watu.

Sasa tuione maana ya maili hizo. Maili moja ya bahari ni mita 1,852. Maili 3 ni mita 5,556, yaani kilomita 5 na nusu na kidogo zaidi. Maili 12 ni mita 22,224, yaani zaidi ya kilomita 22. Huko mbali maji ni mengi na yana kina. Mwendo wa meli huukoroga uchafu na kuutawanya, na jua na chumvi hupata muda wa kuua vijidudu vingi kabla mkondo haujafika pwani.

Chukua kipimo hicho ukiweke juu ya ramani ya pwani yetu. Hori za Mida, Mtwapa na Tudor zimeingia ndani ya nchi. Hapana hata mahali pamoja ndani yake palipo mbali na nchi kavu kwa maili 3. Matumbawe ya Watamu, wanakopelekwa watalii kutazama samaki, yako karibu na ufuo. Basi hata tukitumia kile kipimo walichopewa wakubwa, mtu aliye ndani ya hori au juu ya matumbawe hayo hana ruhusa ya kumwaga choo kibichi.

SHERIA ZA HAPA KWETU

Mwenye mashua atasema, "Chombo changu hakifiki tani 400, wala hakitoki Kenya." Ni kweli. Lakini asifurahi upesi, maana sheria zetu wenyewe hazikuanza na kipimo cha tani.

Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 ndiyo mama. Kifungu chake cha 72 chakataza mtu yeyote kutia majini sumu au uchafu kinyume cha viwango vilivyowekwa, na chakataza pia kumruhusu mtu mwingine afanye hivyo. Angalia maneno hayo: kumruhusu mwingine. Nahodha hawezi kujitetea kwamba aliyemwaga ni utingo, naye yupo na anaona. Tena mahakama yaweza kumwamuru mkosaji alipe gharama ya kuondoa uchafu, na kuwafidia watu walioumizwa na uchafu huo. Mkulima wa chaza na alikumbuke hilo. Kanuni za Ubora wa Maji, zilizotungwa chini ya sheria hiyo, zasema kila mtu ajiepushe na tendo lolote linaloleta uchafuzi wa maji, au linaloweza kuuleta, sasa au baadaye.

Katika maji yaliyohifadhiwa kuna ukali zaidi. Malindi na Watamu zilitangazwa kuwa hifadhi za baharini mwaka 1968, nazo ndizo za kwanza katika Kenya. Baadaye zikafuata nyingine, kama Kisite na Mpunguti upande wa kusini, Kiunga upande wa Lamu, na ile ya Mombasa. Pale palipo hifadhi kamili hakuna ruhusa ya kuvua. Pale palipo eneo la akiba, uvuvi wa desturi waruhusiwa kwa masharti. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 yahesabu kuwa ni kosa kuchafua mahali wanapoishi viumbe waliohifadhiwa, na adhabu yake ni faini kubwa au kifungo, au vyote viwili.

Haki yenyewe iko wazi. Mvuvi aliambiwa asivue ndani ya hifadhi ili samaki wazaane, naye akakubali hasara ile. Mvuvi huyo ana sababu ya kukasirika akiona mashua ya starehe imetia nanga mahali pale pale na kufungua choo chake. Sheria ikimkataza mmoja kutwaa, na imkataze mwingine kuchafua.

Wenzetu wa Ziwa Victoria wasidhani kwamba habari hii ni ya maji ya chumvi tu. Sheria ya mwaka 1999 yalinda mito na maziwa pia. Wavuvi wa omena hukaa ziwani usiku kucha na taa zao. Ziwa halina maji kujaa na kupwa ya kusukuma uchafu nje, na asubuhi watu wa ufuoni huteka maji yale yale ya kunywa na kupikia. Kipindupindu kimepita Kenya mara nyingi, pamoja na miaka ya 2015 na 2022, nacho huenea kwa kinyesi kuingia katika maji na chakula.

HESABU YA MTU MMOJA

Sasa tuje kwenye swali lililo gumu kuliko yote: mtu mmoja katika mashua moja anaweza kudhuru nini katika bahari kubwa hivi?

Lazima kwanza tujue mwenendo wa chaza. Chaza hatembei kutafuta chakula. Hufungua magamba yake, akavuta maji, akachuja vitu vidogo vilivyomo, kisha akayatoa maji. Hufanya hivyo saa baada ya saa. Vijidudu vya kinyesi vikiwamo majini, navyo huchujwa na kubaki ndani ya mwili wake. Kwa hiyo maji yanayoonekana safi kwa macho huweza kuwa na chaza mwenye vijidudu vingi kuliko maji yenyewe. Kombe naye ni hivyo hivyo. Chaza mwenyewe haugui wala hanuki. Anayeugua ni mlaji.

Wakaguzi wa vyakula vya baharini nchini Marekani huhesabu kwamba mtu mmoja kwa siku moja hutoa vijidudu vya kinyesi 2,000,000,000 vya aina ile wanayoitumia kwa kupimia. Kipimo chao cha maji yanayofaa kuvunwa chaza ni vijidudu visivyozidi 14 katika mililita 100, yaani 140 katika lita moja. Chukua kalamu. Gawanya 2,000,000,000 kwa 140. Jawabu ni lita 14,285,714.

Lita milioni 14 ni nyingi kiasi gani? Ni kama bwawa lenye urefu wa mita 100, upana wa mita 100, na kina kinachomfika mtu mzima kifuani. Eneo lake ni karibu ekari 2 na nusu. Maji yote hayo yahitajika ili choo cha siku moja cha mtu mmoja kifikie kipimo, tena kikichanganyika sawasawa kila pembe, jambo ambalo kwa kawaida halitokei. Mashua ikilaza watu 6 horini usiku, yahitaji lita karibu milioni 86. Wakati wa bamvua huenda maji mengi yakaingia na kutoka. Wakati wa maji mafu huingia na kutoka machache, na uchafu huzunguka mle mle.

YALIYOTOKEA LOUISIANA MWAKA 1993

Hesabu ya ubaoni ni rahisi kuikataa. Basi natoa mfano wa jambo lililotokea kweli katika nchi yenye wavunaji wengi wa chaza, wakalichunguza na kuliandika.

Mwezi wa Novemba 1993, katika jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani, watu waliugua kutapika na kuharisha baada ya kula chaza wabichi. Wachunguzi waliwauliza watu wa kundi moja. Waliokula chaza wabichi walikuwa 84, na kati yao 70 waliugua. Wasiokula walikuwa 43, na kati yao waliugua 3 tu. Hapo chanzo kilikuwa wazi.

Chaza wale walivunwa katika eneo moja la bahari. Wachunguzi wakaenda kwa wavunaji wenyewe. Mashua zilizofanya kazi pale zilikuwa 26. Mabaharia wa mashua 22 walisema kwamba desturi yao ni kumwaga choo baharini. Mvunaji mmoja alikuwa ameugua kabla ya watu wengine, na damu yake ilionyesha alama za ugonjwa ule ule. Naye alikubali kwamba alimwaga kinyesi katika maji waliyokuwa wakivuna.

Fikiri vizuri juu ya jambo hili, ndugu msomaji. Aliyechafua shamba hakuwa mgeni mwenye meli kubwa, bali mwenye mavuno mwenyewe, akifanya lile lililofanywa na karibu wenzake wote. Na mnunuzi akisikia habari ya namna hiyo haulizi ni mashua ipi. Hukataa chaza wote wa eneo lile, wa aliye safi na wa aliye mchafu pamoja.

SHERIA NA BOMBA HUENDA PAMOJA

Katika nchi hiyo hiyo kuna mfano mwingine, huu wa kutengeneza. Kaskazini-magharibi, katika jimbo la Washington, kuna mkono mrefu wa bahari uitwao Puget Sound, penye mashamba mengi ya chaza na kombe. Tangu tarehe 10 Mei 2018 ni marufuku kwa chombo chochote kutoa maji ya choo pale, yaliyosafishwa kwa vile vyombo vidogo vya mashua au yasiyosafishwa. Eneo lote ni maili za mraba 2,300 hivi, pamoja na maziwa mawili yaliyo karibu.

Mambo mawili ya sheria ile yatufaa sisi. Kwanza, Serikali ya Marekani hairuhusu jimbo kuweka marufuku ya namna hiyo mpaka jimbo lionyeshe kwamba vituo vya kutosha vya kuondolea uchafu vipo, ili mwenye mashua akikatazwa kumwaga hapa awe na mahali pa kumwaga pale. Pili, vyombo vya kazi, kama vile vya uvuvi wa biashara na vya kukokota meli, vilipewa miaka 5 ya kujitayarisha kwa sababu kufunga tanki ni gharama.

Hilo ndilo jambo ambalo watu wa pwani na wa ziwani wanapaswa kuliuliza katika mikutano yao. Sheria tunayo. Lakini ufuoni penye mashua 40 na pasipo choo hata kimoja, sheria itabaki karatasi. Mtu akikatazwa majini, naye nchi kavu hana pa kwenda, atangoja giza tu.

MANENO YA WANAOPINGA

Yako maneno 4 ambayo husikiwa mara kwa mara, nayo yafaa kujibiwa kwa heshima.

La kwanza: "Samboja ni mbolea, kinyesi nacho kitalisha bahari." Mkulima mzuri hatii samadi mbichi kwenye mboga zake. Huirundika, huingoja ioze na kupata moto, kisha huitia kwa kiasi. Baharini hakuna rundo la kungoja. Tena mbolea nyingi majini haichagui mmea. Hulisha magugu ya bahari yanayotanda juu ya matumbawe na kuyanyima mwanga, na samaki wakakosa nyumba.

La pili: "Samaki na nyangumi nao huenda choo baharini." Kweli, lakini kipindupindu, homa ya matumbo na yale maradhi ya Louisiana hubebwa na kinyesi cha binadamu mgonjwa. Tena mgonjwa huweza kutoa vijidudu kabla hajajua kwamba ni mgonjwa, au baada ya kujiona amepona.

La tatu: "Wazee wetu walisafiri kwa majahazi yenye kibanda cha choo kinachoning'inia upande wa tezi, wala hawakudhurika." Jahazi lile lilikuwa safarini katika bahari kuu, likikata maji. Leo tunazungumza juu ya vyombo vilivyotia nanga pamoja siku nyingi katika hori moja, juu ya mazao ya watu.

La nne ndilo lenye nguvu: "Miji hutoa maji taka mengi kuliko mashua zote." Ni kweli, na miji yapaswa kubanwa na sheria hiyo hiyo ya mwaka 1999. Lakini deni la jirani halilipi deni lako. Na mashua ina ubaya wake wa pekee: huweza kumwaga uchafu juu kabisa ya kitanda cha chaza, ukiwa mbichi, bila safari wala muda wa kuupunguza nguvu.

LA KUFANYA

Kwa mvuvi mwenye dau au ngalawa:

1. Nenda chooni kabla ya kuondoka. Ni jambo dogo, lakini kwa safari fupi huondoa taabu yote.

2. Chukua ndoo yenye kifuniko kinachobana, na majivu au unga wa mbao wa kufunikia. Ukirudi, mwaga katika choo cha nchi kavu. Usiisafishie ndoo hiyo majini, wala usiitumie kwa samaki au chambo.

3. Ukiwa unaharisha, kaa nyumbani. Usiende kuvuna chaza wala kombe mpaka upone kabisa, na hata ukiisha kupona ngoja siku mbili zaidi.

4. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mavuno.

Kwa mwenye mashua ya watalii au chombo chenye choo:

1. Funga tanki la kuhifadhia. Ile valvu ya kutolea baharini ifungwe kwa kufuli kabla ya kuingia horini au katika hifadhi, na ufunguo akae nao nahodha.

2. Waambie abiria mapema safari itachukua muda gani na choo ni kipi. Mgeni aliyeelezwa huridhika.

3. Kabla ya kufunga choo kipya, uliza ofisi ya Mamlaka ya Safari za Baharini ya Kenya juu ya masharti ya chombo cha ukubwa wako. Ni rahisi kuuliza kabla ya kununua kuliko kubomoa baadaye.

Kwa kamati ya ufuo, ile iitwayo BMU, na vikundi vya wakulima wa baharini:

1. Jengeni choo karibu na mahali mashua zinapofikia, lakini juu ya mstari unaofikiwa na maji ya bamvua, na mbali na kisima kwa mita 30 angalau. Pwani penye mchanga au mwamba wa matumbawe, shimo la kawaida huvuja upesi. Mwiteni Afisa wa Afya awaonyeshe namna ya kujenga tanki lisilovuja, na mpatane mapema nani atalitapisha na kwa fedha gani.

2. Chagueni mahali pa nanga palipo mbali na vitanda vya chaza na mashamba ya mwani, mpaweke alama za maboya, na mandiko ya mapatano yawekwe.

3. Baada ya mvua kubwa, msivune chaza kwa siku kadhaa, maana mvua huleta uchafu wa nchi kavu pia.

4. Mkiona chombo kikimwaga, andikeni jina au namba yake, mahali, siku na saa. Ndani ya hifadhi pelekeni habari kwa askari wa Shirika la Wanyamapori, KWS. Mahali pengine pelekeni kwa ofisi ya mazingira ya kaunti, yaani NEMA, au kwa Walinzi wa Pwani. Msimpige mtu wala kukata kamba ya nanga yake. Habari iliyoandikwa vizuri hufika mbali kuliko ugomvi.

Na kwa mpishi: chaza na kombe wachemshwe vizuri. Magamba yakifunguka, endelea kuchemsha kwa dakika 3 hadi 5. Gamba lisilofunguka, litupe. Lakini usidhani kupika ndiyo dawa ya maji machafu. Baadhi ya vijidudu hustahimili moto mdogo, na limau na pilipili haviviui.

Mkulima wa bara aliyengoja mpaka hapa ameona kwamba jambo hili halimwachi nje. Mifugo yake ikipakiwa melini imo katika sheria, na mto upitao shambani kwake huishia katika ziwa au bahari ya mwenzake. Mwenye ng'ombe akiingiza mifugo katika mahindi ya jirani, baraza la wazee humtoza bila kuuliza kama ng'ombe walikuwa wawili au ishirini. Wakulima wa baharini wanaomba heshima hiyo hiyo kwa shamba lao lisilo na ua. Mkutano wa BMU wa mwezi ujao, jambo la kwanza kuulizwa na liwe hili: choo chetu cha ufuoni kiko wapi, na kama hakipo, tutaanza kukijenga lini?